MBIO ZA MILIMANI KANDO YA ZIWA TAHOE: Mwili, Njia na Maji

Mwanariadha akimbiapo katika kiwanja cha shule huipima kazi yake kwa mambo mawili tu: umbali na muda. Uwanja ni tambarare, hewa ni ile ile aliyoizoea tangu utotoni, na ardhi iliyo chini ya miguu yake haibadiliki. Lakini wako watu ambao hupenda kukimbia mahali pasipo na lolote kati ya hayo. Hao hufuata vijia vyembamba vya milimani, wakapanda na kushuka kwenye mawe na mizizi, kwa saa nyingi na wakati mwingine mchana kutwa na usiku kucha. Mchezo huu umeenea sana ulimwenguni katika miaka ya karibuni, na aghalabu njia zipendwazo zaidi ni zile zipitazo kando ya maziwa ya milimani.

Makala haya yanachunguza njia za namna hiyo zinazolizunguka Ziwa Tahoe, lililoko kwenye mpaka wa majimbo ya California na Nevada, nchini Marekani. Ziwa hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, limechunguzwa na wanasayansi mfululizo kwa zaidi ya nusu karne. Pili, linatuwezesha kuona jinsi fizikia, biolojia na jiografia zinavyokutana katika tendo moja dogo, yaani mtu kuweka mguu wake juu ya udongo.

Ziwa na asili yake

Uso wa Ziwa Tahoe uko kimo cha takribani mita 1,897 juu ya usawa wa bahari. Msomaji wa Afrika ya Mashariki atapata picha nzuri ya kimo hicho akikumbuka Ziwa Naivasha, ambalo nalo liko karibu na mita 1,890. Hata hivyo maziwa haya mawili hayafanani kwa kina. Naivasha ni ziwa la maji haba, lenye mafunjo na viboko kandoni. Tahoe lina kina cha mita 501 pale palipo chini zaidi, na katika Marekani nzima linazidiwa na ziwa moja tu kwa kina. Urefu wake ni kilomita 35 hivi, na upana wake kilomita 19.

Je, ziwa refu kwenda chini namna hiyo lilipatikanaje juu ya milima? Jibu si geni kwa mwanafunzi aliyesoma jiografia ya Bonde la Ufa. Ardhi ya mahali pale ilivutwa pande mbili, ikapasuka, na kipande cha katikati kikadidimia huku safu za pande zote mbili zikibaki juu. Upande wa magharibi ni Sierra Nevada, na upande wa mashariki ni safu ya Carson. Baadaye lava ya volkano iliziba mlango wa kaskazini wa bonde hilo, maji yakakusanyika. Katika Enzi ya Barafu, mito ya barafu ilishuka kutoka milimani na kuchonga mabonde ya upande wa magharibi, likiwamo lile ambalo leo ni ghuba mashuhuri ya Emerald. Kwa hiyo Tahoe ni ndugu mdogo wa Tanganyika na Nyasa kwa jinsi ya kuzaliwa, ingawa Tanganyika, yenye kina cha mita 1,470 hivi, inalizidi karibu mara tatu.

Mito na vijito 63 huingia katika ziwa hili, lakini mto mmoja tu hutoka, nao ni Truckee. Mto huo hauendi baharini. Hushuka hadi Ziwa Pyramid katika jangwa la Nevada na kukomea hapo, maji yakapotea kwa mvuke na kuacha chumvi, kama yafanyavyo maji ya Manyara na Natron. Kwa kuwa ziwa ni kubwa na mlango wake ni mdogo, tone la maji liingialo Tahoe hukadiriwa kukaa humo kwa wastani wa miaka 650 hivi kabla ya kutoka. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo, kwani tutairejea.

Wenyeji wa kale wa bonde hili ni watu wa kabila la Washoe, waliovua samaki na kukusanya chakula kandokando ya ziwa kila majira ya joto kwa maelfu ya miaka. Vijia vya kwanza vilikuwa vyao. Leo kuna njia ya Rubicon, ambayo huambaa na ukingo wa magharibi, juu ya majabali ya granaiti na chini ya misonobari, hata kufika ghuba ya Emerald. Kuna pia njia kuu ya mgongoni mwa milima, iitwayo Tahoe Rim Trail, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1984 na kukamilika mwaka 2001. Hiyo hulizunguka bonde zima kwa umbali wa takribani kilomita 265, na mahali pake pa juu kabisa ni zaidi ya mita 3,100. Aidha, si mbali na ziwa ndipo zinapoanzia mbio maarufu za maili 100, yaani kilomita 161, ziendazo hadi mji wa Auburn. Njia hiyo ilikuwa ya mashindano ya farasi, hadi mwaka 1974 Gordy Ainsleigh alipoikimbia kwa miguu yake mwenyewe, akaimaliza kabla ya saa 24 kutimia.

Hewa iliyopungua nguvu

Jambo la kwanza linalomkabili mkimbiaji atokaye pwani ni hewa. Wengi husema kwamba milimani oksijeni ni chache. Usemi huo unahitaji kufafanuliwa. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki: ni karibu asilimia 21 huko Tanga, na ni asilimia 21 hiyo hiyo kileleni mwa Kilimanjaro. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa yote, kwa kuwa tabaka la hewa lililo juu yetu ni jembamba zaidi.

Usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni milimita 760 za zebaki, na sehemu ya oksijeni ni takribani milimita 159. Kwenye ufuko wa Tahoe kanieneo hushuka hadi milimita 604 hivi, na sehemu ya oksijeni huwa takribani 127. Kwenye kimo cha mita 3,100 kanieneo yote hubaki kidogo zaidi ya milimita 515. Oksijeni hupenya kutoka mapafuni kuingia katika damu kwa sababu ya tofauti ya kanieneo. Tofauti hiyo ikipungua, msukumo nao hupungua.

Mwili hauketi kimya. Katika dakika za mwanzo mtu hupumua kwa nguvu na kasi zaidi, na moyo hupiga haraka. Katika muda wa saa chache figo huanza kutoa kwa wingi homoni iitwayo erithropoietini. Homoni hiyo husafiri katika damu hadi kwenye uboho wa mifupa na kuuamuru utengeneze chembe nyekundu zaidi. Lakini kiwanda hicho hakifanyi kazi yake kwa siku moja. Ongezeko la maana la chembe nyekundu huchukua majuma kadhaa. Ndiyo maana mgeni aliyefika jana hawezi kushindana sawasawa na mwenyeji. Imepimwa kwamba uwezo mkubwa kabisa wa mwanariadha wa kutumia oksijeni hupungua kwa takribani asilimia 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, mkimbiaji wa pwani afikapo Tahoe hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uwezo wake kabla hajaanza kukimbia.

Somo la mwaka 1968

Ulimwengu wa michezo ulijifunza jambo hili kwa njia ngumu mwaka 1968, Michezo ya Olimpiki ilipofanyika katika jiji la Mexico, kwenye kimo cha takribani mita 2,240. Hapa ndipo bonde la Tahoe linapoingia katika historia ya riadha. Marekani ilitafuta mahali pa kuwachagulia wanariadha wake ambapo hewa ingefanana na ya Mexico. Mahali palipochaguliwa ni Echo Summit, kwenye njia ya mlimani kusini-magharibi mwa ziwa, penye kimo cha mita 2,250 hivi. Uwanja wa mbio ulijengwa katikati ya msitu, na misonobari mingi ikaachwa imesimama ndani ya duara la uwanja, hata wakimbiaji wa upande wa pili wakawa wanaonekana na kutoweka nyuma ya miti.

Matokeo ya Mexico yaliithibitisha fizikia kwa pande mbili. Hewa nyepesi ina msongamano mdogo, na kwa hiyo hukinza kidogo mwili uendao kwa kasi. Katika mashindano ya muda mfupi, ambayo misuli hutumia akiba ya nishati iliyomo ndani yake bila kungoja oksijeni, rekodi zilivunjwa kwa wingi. Bob Beamon wa Marekani aliruka umbali wa mita 8.90, ilhali rekodi ya dunia ya awali ilikuwa mita 8.35. Lakini katika mbio ndefu mambo yalikuwa kinyume. Naftali Temu wa Kenya alishinda mbio za mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, wakati rekodi ya dunia ya siku hizo, ya Ron Clarke wa Australia, ilikuwa dakika 27 na sekunde 39.4. Clarke mwenyewe, aliyeishi na kufanya mazoezi karibu na usawa wa bahari, alizirai alipomaliza mbio hizo.

Waafrika walitwaa medali za dhahabu katika mbio zote za wanaume kuanzia mita 1,500 hadi maratoni. Miongoni mwao walikuwamo Kipchoge Keino na Amos Biwott wa Kenya, na Mamo Wolde wa Ethiopia, watu wa nyanda za juu. Na katika maratoni hiyo hiyo John Stephen Akhwari wa Tanzania, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia goti, lakini akaendelea hadi mwisho, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Yafaa mwanafunzi atambue kwamba kimo peke yake hakikuwapa watu hao ushindi. Mazoezi, urithi, malezi ya kutembea na kukimbia tangu utotoni, na moyo wa mtu vyote vina sehemu yake. Hata hivyo tangu mwaka ule hapana kocha wa mbio ndefu anayelipuuza suala la kimo, na kambi za milimani, kama za Iten nchini Kenya, zimekuwa shule za wakimbiaji wa dunia nzima.

Gharama ya kupanda na kushuka

Tuache hewa, tutazame ardhi. Tuchukue mkimbiaji mwenye tungamo la kilo 60. Kupandisha mwili wake mita 100 wima kunahitaji kazi ipatikanayo kwa kuzidisha tungamo, mvutano wa dunia na kimo:

60 × 9.8 × 100 = jouli 58,800

Lakini misuli si mashine kamilifu. Katika kila sehemu nne za nishati inayotumia, karibu moja tu hugeuka kuwa kazi, na tatu zilizosalia hutoka kama joto. Kwa hiyo mkimbiaji atatumia takribani jouli 235,000 kupanda mita hizo 100. Linganisha na mbio za tambarare. Mwaka 2002 Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji wa milimani waliokimbizwa juu ya mkanda wa mashine ulioinuliwa na kuteremshwa. Walipata kwamba kukimbia tambarare hugharimu jouli 3.4 kwa kila kilo na kila mita. Kwa mtu wetu wa kilo 60, kilomita moja ni jouli 204,000. Maana yake ni kwamba kupanda mita 100 wima ni sawa na kuongeza zaidi ya kilomita moja katika safari. Mtu atazamaye ramani ya njia ya mlimani na kuhesabu kilomita peke yake hujidanganya.

Vipimo hivyo vilionyesha pia kwamba kwenye mpando mkali wa asilimia 45, yaani kupanda mita 45 kwa kila mita 100 za kwenda mbele, gharama hufika karibu jouli 19 kwa kila kilo na mita. Ndiyo sababu hata mabingwa huacha kukimbia na kutembea kwa hatua ndefu, mikono ikisukuma magoti. Na katika kushuka, gharama hupungua hadi kufikia nusu ya ile ya tambarare kwenye mteremko wa asilimia 20. Mteremko ukizidi hapo, gharama huanza kupanda tena, kwa maana mwili sasa unafanya kazi ya kujizuia.

Hapa pana siri ambayo huwaumiza wengi. Mkimbiaji ashukapo, misuli ya mapaja hujikaza huku ikivutwa na kurefushwa, kama kamba ya mtu ashushaye mzigo kisimani. Kazi ya namna hiyo hutumia oksijeni kidogo, kwa hiyo mtu huona raha na pumzi haimpungui. Lakini nyuzi ndogo ndogo za misuli huchanika, na maumivu hayaji siku hiyo. Huja kesho yake na kuzidi siku ya pili. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza. Aliyeshuka kilima mara moja, akapumzika hata akapona, huumia kidogo sana mara ya pili. Mwenye kujiandaa kwa njia ya milimani afanye mazoezi ya kushuka kama afanyavyo ya kupanda.

Yako pia mengine ya kuangaliwa. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, hivyo aliyeondoka ufukweni akiwa anatoka jasho huweza kutetemeka kwenye ukingo wa mlima. Mionzi ya urujuanimno ya jua huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na ziwa na theluji huirudisha usoni. Hewa kavu hunyonya maji ya mwili pasipo mtu kuona jasho. Lakini kunywa maji kupita kiasi nako ni hatari, kwani huzimua chumvi ya damu. Kanuni ya busara ni kunywa kwa kadiri ya kiu.

Kisahani cheupe

Sasa tuyatazame maji. Mwaka 1865 padri na mwanaastronomia wa Kiitalia, Angelo Secchi, alifanya majaribio baharini ya kushusha visahani majini ili kupima uangavu wa maji. Njia yake ni rahisi mno: kisahani cheupe hushushwa kwa kamba, na kina ambacho macho hayakioni tena huandikwa.

Kwa kisahani cha namna hiyo, Charles Goldman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walianza vipimo vya mfululizo katika Ziwa Tahoe. Mwaka 1968 wastani wa mwaka ulikuwa takribani mita 31.2. Hebu fikiri: kisahani kiliweza kuonekana chini ya maji kwa kina cha jengo la ghorofa kumi. Mwaka 2017 wastani ulikuwa mita 18.2 tu, ambao ulikuwa mdogo kuliko wa mwaka wowote uliotangulia. Theluthi moja na zaidi ya uangavu ilikuwa imetoweka katika kipindi cha chini ya umri wa mtu mmoja.

Nini kiliyatia maji giza? Wachunguzi walianza kwa kushuku mbolea. Naitrojeni na fosforasi zikiingia ziwani, miani hustawi na kuziba nuru. Kwa sababu hiyo, kati ya miaka ya 1960 na 1970, maji machafu ya miji ya bonde hilo yalianza kusafirishwa kwa mabomba hadi nje ya bonde. Hatua hiyo iliokoa mengi, lakini uangavu uliendelea kupungua. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mshitakiwa mkubwa ni vumbi la madini lenye chembe ndogo kuliko milimita 0.016. Chembe hizo huitawanya nuru kila upande, kama ukungu utawanyavyo taa ya gari.

Kwa nini chembe ndogo ndizo mbaya zaidi? Kasi ya chembe kuzama katika maji matulivu hufuata mraba wa kipenyo chake. Chembe ya mchanga laini yenye kipenyo cha milimita 0.016, katika maji baridi ya ziwa lile, huzama mita 13 hivi kwa siku. Itafika chini ya mita 501 kwa siku zisizozidi 40. Chembe yenye kipenyo cha milimita 0.001 ni ndogo mara 16, na kwa hiyo huzama polepole mara 256. Hiyo huhitaji zaidi ya miaka 25. Ni kweli kwamba katika ziwa halisi chembe hugandamana na mawimbi huzikoroga, lakini hesabu hii yatosha kuonyesha tatizo. Na mlango wa kutokea ni Mto Truckee pekee, ambao, kama tulivyoona, hulibadilisha ziwa kwa miaka 650. Kinachoingia Tahoe hakina haraka ya kutoka.

Mguu na udongo

Je, mkimbiaji ana hatia gani? Haki itendeke. Uchunguzi uliotumika kuweka mpango wa kuliokoa ziwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba karibu robo tatu ya vumbi hilo laini hutoka katika sehemu za miji: barabara, maegesho ya magari, na mchanga umwagwao juu ya barafu wakati wa baridi ili magari yasiteleze. Misitu, pamoja na vijia vyake, hutoa sehemu iliyo chini ya moja ya kumi. Lakini kanuni ya uharibifu ni moja, iwe ni barabara au ni kijia.

Udongo wa msituni uliofunikwa na majani makavu ni kama sifongo. Matone ya mvua huvunjwa nguvu na majani, na maji hupenya polepole. Miguu mingi ikipita mahali pamoja, majani huondoka, na udongo hushindiliwa hata vitundu vyake vya hewa vikazibika. Mvua ikinyesha, maji hayapenyi tena, hutiririka juu. Kijia kikielekea moja kwa moja chini ya mlima, huwa ni mfereji. Maji yakiongeza kasi, nguvu yake ya kubeba udongo huongezeka upesi zaidi kuliko kasi yenyewe, na baada ya misimu michache panakuwa na korongo.

Kwa hiyo njia nzuri ya mlimani haiendi chini moja kwa moja. Huambaa na ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo, ambao wajenzi wengi hupenda usizidi wastani wa asilimia 10, na hugeuka kwa kona nyingi zenye kupindana. Uso wake huinamishwa kidogo upande wa bonde ili maji yavuke njia badala ya kuifuata. Mahali pakali huwekwa magogo au mawe ya kuyageuza maji kuelekea vichakani, ambako udongo mzima huyanywa. Wakulima wa Usambara na Uluguru waliochimba matuta wanaifahamu kanuni hii vizuri.

Adui wa kazi hiyo yote ni mtu mwenye haraka. Anapofika kwenye kona, huikata kwa kushuka moja kwa moja hadi kwenye njia ya chini, akaokoa sekunde 20. Wa pili huona alama ya miguu yake na kumfuata. Baada ya mamia ya watu, panatokea njia mpya yenye mteremko mkali, isiyo na kizuizi chochote cha maji, na mvua ya kwanza huishukia. Vivyo hivyo mtu akwepaye tope kwa kupita pembeni huipanua njia na kuua majani. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya wakimbiaji wa milimani, iliyo kubwa kuliko kasi, ni kutoiacha njia: katika tope, pita katikati ya tope, penye kona, ifuate kona hadi mwisho.

Majaribio ya shuleni

Mwalimu hahitaji kusafiri hadi California ili kufundisha mambo haya. Kilima kilicho karibu na shule na kidimbwi chatosha.

1. Gharama ya kupanda. Pima tungamo la mwanafunzi mwenye afya njema na kimo wima cha kilima au ngazi. Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja akiwa amepumzika. Apande kwa mwendo wa kawaida huku muda ukihesabiwa, kisha mapigo yahesabiwe tena mara afikapo juu. Tafuta kazi aliyoifanya kwa jouli na nguvu yake kwa wati. Rudia kwa kushuka, ulinganishe mapigo. Darasa lijadili kwa nini kushuka kulikuwa kwepesi kwa moyo lakini si kwa mapaja.

2. Kisahani cha Secchi. Paka rangi nyeupe mfuniko wa bati wenye upana wa sentimita 20 hadi 30, ufunge jiwe chini yake, na utie alama kwenye kamba kwa kila sentimita 10. Shusha kutoka darajani, gatini au ndani ya mtumbwi imara, mwalimu akiwapo. Mwanafunzi yeyote asiingie majini, kwa sababu ya mamba na kichocho. Andika kina ambacho kisahani hutoweka na kile ambacho huonekana tena, uchukue wastani. Pima kabla ya mvua za masika na baada yake.

3. Chupa mbili. Wakati wa mvua, kinga maji yatiririkayo katika njia ya miguu isiyo na majani, na mengine yatokayo kwenye nyasi zilizo karibu. Ziache chupa zitulie. Kila siku kwa muda wa juma moja, andika ni chupa ipi imeanza kung'aa na imebakiwa na mashapo mangapi chini.

Vipimo vikiandikwa katika daftari moja la shule kwa miaka mingi, na kila darasa likakabidhi kwa lijalo, vitakuwa na thamani ambayo kipimo cha siku moja hakiwezi kuwa nayo. Kama Tahoe lingepimwa mwaka 1968 tu, tungejua kwamba lilikuwa ziwa angavu, basi. Ni kwa sababu kisahani kiliendelea kushushwa mwaka baada ya mwaka, ndipo watu walipoweza kuona kwamba kuna kitu kinachopotea, wakakitafuta chanzo chake, na kuanza kukizuia. Afrika ya Mashariki ina maziwa ya milimani na ya mashimo ya volkano yaliyo mazuri mno, kama Ngozi karibu na Mbeya na Chala chini ya Kilimanjaro. Wageni wa kutembea na kukimbia wanazidi kuja. Vijia vyetu vingi vingali vyembamba, na kona zake hazijakatwa. Huu ndio wakati wa kushusha kisahani cha kwanza.